Moduli, rubriki, SCORM: mwongozo wa kuisoma lugha ya kozi za mtandaoni na kuitumia kutengeneza kozi yako

Fundi mmoja wa hina wa Majengo, mama aliyepamba mabibi harusi wa Mombasa tangu mimi nikiwa bado nasoma chuoni juzuu ya Amma, alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Shirika fulani lilitaka kumlipa aweke ufundi wake mtandaoni. Nikiufasiri, ujumbe ulikuwa hivi: "Tunahitaji kozi ya asinkronasi, iliyofungashwa kwa SCORM ili iingie kwenye LMS yetu, yenye moduli nne, matokeo yanayopimika, tathmini endelezi na tathmini tamati, rubriki, na beji ya kidijitali mwishoni."

"Mwanangu," akaniuliza, "hawa wanataka kufundishwa hina au wanaunda meli?"

Tulikaa naye jioni tatu tukiufungua ujumbe ule neno kwa neno, na mwongozo huu umetokana na jioni hizo. Jambo la kwanza nililomwambia ndilo nitakalokwambia nawe: usizifuate istilahi kwa mpangilio uliotumiwa. Ujumbe wake ulianza na chombo, ukaishia na pambo, na kiini kikafichwa katikati: matokeo. Wengi hukwama hapo. Hununua kamera, hujisajili kwenye mfumo, hurekodi saa tatu za video, kisha ndipo hujiuliza mwanafunzi atatoka na nini. Sisi tutaanzia kwenye matokeo, na chombo kitakuja baadaye.

Hatua ya 1: Panga vitu kwa ukubwa wake

Hii ni hatua fupi, lakini ukiiruka utapotezana na kila mtu unayezungumza naye. Kikubwa kabisa ni programu ya mafunzo, yaani mkusanyiko wa kozi kadhaa. Ndani yake mna kozi. Kozi hugawanywa katika moduli, moduli ina masomo, na somo lina shughuli: kutazama video, kusoma, kujibu maswali, kuchora na kupiga picha. Silabasi ni orodha ya yaliyomo katika kozi moja. Mtaala ni mpana zaidi: unabeba malengo, yaliyomo, mbinu na namna ya kupima.

Kuna mitego miwili ya Kiswahili hapa. "Programu" pia ni ile unayopakua kwenye simu, kwa hiyo mtu akikwambia "programu yetu ina matatizo" muulize ni ipi. Na "jukwaa" limebebeshwa mizigo miwili: kuna anayemaanisha mfumo mzima unaobeba kozi, na kuna anayemaanisha mahali pa wanafunzi kujadiliana. Mimi husema "mfumo" kwa ule wa kwanza na "jukwaa la majadiliano" kwa la pili.

(Na neno "somo" lenyewe, kwetu Pwani, pia ni yule mwanamke anayemfunda mwari. Waliounda neno hili hawakuona tofauti kati ya funzo na mtu anayelitoa. Nalipenda kwa hilo.)

Hatua ya 2: Andika matokeo kabla ya kitu kingine chochote

Matokeo ya ujifunzaji ni sentensi inayosema mwanafunzi ataweza kufanya nini akimaliza. Walimu wa shule wameyazoea kama "matokeo maalum yanayotarajiwa" katika mtaala wa umilisi. Yasichanganywe na lengo la mwalimu. "Nitafundisha historia ya hina" ni lengo langu mimi. "Mwanafunzi ataweza kuchanganya hina isiyoziba koni" ni matokeo, kwa sababu mtu anaweza kusimama pembeni, akatazama, akasema ameweza au hajaweza.

Hapo ndipo penye neno "yanayopimika". Siri yake imo kwenye kitenzi. Fundi wangu alianza kwa kuandika "Mwanafunzi ataelewa hina." Nikamuuliza, utamjuaje aliyeelewa? Akafikiri kidogo, akasema: "Nampa koni, namwangalia mkono." Basi andika hiyo.

Vitenzi hivi vimepangwa ngazi na watu kabla yetu. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake nchini Marekani walitoa mpangilio wa ngazi sita za kufikiri, na mwaka 2001 ukafanyiwa marekebisho, ukawa: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini, kuunda. Ukisikia watu wa kozi wakitaja "ngazi za Bloom" au "taksonomia ya Bloom", ni hizo. Usizikariri kama nyimbo. Zitumie kama kipimo cha uwongo: ukiahidi kwamba mwanafunzi "ataunda" michoro yake mwenyewe, halafu ukampa maswali ya kuchagua A, B au C, umeahidi ngazi ya sita na umepima ya kwanza.

Jioni ya kwanza ilikwisha na matokeo manne, na hayo ndiyo yaliyozaa moduli nne:

Mwanafunzi ataweza kuchanganya unga wa hina, maji ya ndimu na sukari mpaka ushike bila kumwagika. Ataweza kutambua piko, ile rangi nyeusi ya kupambia, iliyotiwa rangi ya nywele na kueleza kwa nini haipakwi mwilini. Ataweza kuvuta mstari wa unene mmoja kwa koni. Ataweza kupamba mkono mmoja wa bibi harusi, kiganja na mgongo, kwa mchoro alioupanga mwenyewe.

La pili lilitoka kwake, si kwangu. Rangi nyeusi za nywele nyingi zina kemikali iitwayo PPD, ambayo huweza kuivimbisha ngozi na kuitoa malengelenge, na yeye ameshaona mikono iliyoharibika wiki ya harusi. Kama tungeanza na video tungeanza na maua, na hili lingesahaulika.

Mtindo huu wa kuanzia mwisho una jina lake, usanifu wa kurudi nyuma, na walioueneza ni Grant Wiggins na Jay McTighe kuanzia mwaka 1998. Hatua zake ni tatu: matokeo, kisha ushahidi, kisha masomo. Ushahidi ndio unaofuata.

Hatua ya 3: Amua utakavyopima

Tathmini endelezi ni ile inayofanyika njiani, mwanafunzi angali anajifunza, ili ajirekebishe. Tathmini tamati ni ya mwisho, ya kuamua amefikia au hajafikia. Michael Scriven ndiye aliyetenganisha aina hizi mbili kwa majina mwaka 1967, lakini mpishi yeyote wa pilau anazijua. Kuonja mchuzi ungali jikoni ni endelezi. Mgeni akishapakuliwa, ni tamati.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika kozi za mtandaoni ni kuzifanya zote mbili ziwe maswali kumi ya kubofya. Maswali ya kubofya yanafaa kwa kukumbuka. Kwa mkono unaochora, omba picha. Na hapa ufundi wenyewe ulitupa ratiba: hina halisi ikibanduliwa huwa ya rangi ya machungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili. Picha iliyopigwa papo hapo haisemi lolote kuhusu mchanganyiko. Tukakata shauri: mwanafunzi atatuma picha mbili, ya mchoro mbichi na ya rangi baada ya saa 48. Ya kwanza hupima mkono, ya pili hupima unga.

Rubriki ni jedwali linalosema kila kiwango kinaonekanaje. Mzazi wa Kenya mwenye mtoto wa shule ya msingi ameshakutana nayo katika ripoti: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Maneno hayo peke yake si rubriki. Ni majina ya safu tu. Rubriki ni pale unapoandika kinachoonekana kwa macho. Kwa kigezo cha mstari wa koni, yetu ilisomeka hivi:

Mbali na matarajio: mstari unakatika na hina inavimba mahali. Kukaribia: mstari umeungana, ila unene unabadilika bila kukusudia. Kufikia: unene ni mmoja kuanzia ncha ya kidole hadi kifundo cha mkono. Kuzidisha: unene unabadilishwa kwa makusudi, jani linaanza jembamba na kuishia nene.

Mjaribie mtu mwingine. Wape watu wawili rubriki hiyo na picha moja, kila mmoja aseme kiwango. Wakitofautiana, tatizo liko kwenye maneno yako. Sisi tulimpa binti yake na jirani, wakapishana kwenye "kukaribia", ndipo tukaongeza "bila kukusudia".

Mrejesho ni yale unayomwambia mwanafunzi baada ya kumtazama. "Vizuri, ongeza bidii" si mrejesho. "Unaibana koni kwa vidole, ibane kwa kiganja, vidole vielekeze tu" ni mrejesho.

Hatua ya 4: Chagua wakati wa kukutana

Sinkronasi maana yake mwalimu na mwanafunzi wapo kwa wakati mmoja, kila mtu alipo. Asinkronasi maana yake mafunzo yanangoja: mwalimu ameyaweka, mwanafunzi anayafuata akipata nafasi. Shule zilipofungwa Machi 2020, wengi wetu tulijua namna ya kwanza tu, tukadhani kusoma mtandaoni ni kukodolea macho Zoom huku mtu akisema "mnanisikia?"

Anayeona asinkronasi ni jambo geni, na akumbuke chuo cha Kurani. Watoto thelathini kwenye jamvi moja, kila mmoja na mahali pake: huyu ndio kwanza alifu kwa kijiti, yule ameshafika Tabaraka. Hakuna anayemngoja mwenziwe. Watu wa kozi huita hilo kujifunza kwa kasi yako. Na mwalimu hakuvushi aya mpaka uisome sawasawa mbele yake; hilo nalo huitwa umahiri kwanza, wazo ambalo Bloom yuleyule aliliandikia mwaka 1968. Tofauti ni kwamba chuoni mwalimu yupo, na fimbo yake ipo. Kwenye kozi ya asinkronasi hakuna anayekutazama, na ndiyo sababu wengi huanza na wachache humaliza. Dawa ya kawaida ni kundi, yaani wanafunzi wanaoanza siku moja na kwenda pamoja wiki kwa wiki, hata kama kila mmoja anasoma saa zake.

Mafunzo mseto huchanganya mtandao na kuonana ana kwa ana. Darasa geuzi ni aina yake mojawapo: maelezo yanatazamwa nyumbani, na muda wa kuonana unatumika kufanya kazi. Kwa hina mimi ningechagua hili bila kusita, kwa wanafunzi walioko hapahapa: video nyumbani, Jumamosi kila mtu na koni yake barazani kwa fundi. Shirika lilitaka wanafunzi wa mbali, kwa hiyo tulibaki na asinkronasi na kikao kimoja cha moja kwa moja kila baada ya wiki mbili.

Kabla hujakubali chochote, piga hesabu ya bando. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitia nanga hapa Mombasa mwaka 2009, lakini mwanafunzi wa Likoni bado anahesabu MB. Video ya megabiti moja kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kama MB 29. Kwa hiyo maelezo ya dakika kumi ni MB 75 kwa video na MB 5 kwa sauti. Tulirekodi video pale tu ambapo lazima mkono uonekane. Mengine yote fundi aliyasema kwa sauti, na picha mbili tatu pembeni. Masomo mafupi ya dakika nne au tano, kila moja na jambo moja, ndiyo yanayoitwa mafunzo madogomadogo. Jina limevuma kuliko linavyostahili, ila kwa bando yanafaa.

Hatua ya 5: Sasa njoo kwenye chombo

LMS ni mfumo wa kusimamia mafunzo. Unafanya mambo matatu: unajua nani amejiandikisha, unahifadhi masomo, na unaandika nani amefanya nini na kupata ngapi. Maarufu miongoni mwake ni Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu ambaye utotoni mwake huko jangwani alisoma kwa redio. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na vyuo vikuu vingi vinaitumia. Kundi la WhatsApp si LMS, hata kama unafundisha humo: halikumbuki nani amemaliza somo la tatu. Lakini kwa wanafunzi kumi na daftari la mahudhurio, WhatsApp inatosha, na asikutishe mtu.

SCORM ndilo neno lililomfanya fundi wangu ataje meli, na kumbe hakukosea sana. Nenda bandari ya Kilindini utazame kontena. Kreni haijui ndani mna mchele au friji, wala haihitaji kujua, kwa sababu vipimo vya boksi ni vilevile duniani kote. SCORM ni kontena la masomo. Unayafunga ndani ya faili moja la zip, na mfumo wowote unaoielewa SCORM utaipokea kozi, uifungue, na uandike kama mwanafunzi amemaliza na amepata alama ngapi. Ndani ya faili hilo lazima iwemo orodha ya yaliyomo, na wataalamu wanaiita vilevile wanavyoiita mawakala wa forodha: manifesti. Matoleo utakayoyasikia ni 1.2 na 2004. Waulize wanataka lipi. Ukipeleka lisilotakiwa, kozi inaweza kufunguka lakini alama zisiandikwe.

xAPI ni ndugu mdogo wa SCORM, wa mwaka 2013, anayeweza kuandika hata mambo yanayofanyika nje ya mfumo. Ukiombwa, muulize aliyekuomba ataitumiaje. Mara nyingi hajui.

Hatua ya 6: Leseni na ridhaa

Rasilimali huria za elimu ni vifaa ambavyo mwenyewe ameruhusu vitumiwe na wengine. "Vipo Google" si ruhusa. Leseni za Creative Commons zina vifupisho vinne vya kujua: BY, mtaje mwenyewe; NC, usifanye biashara; SA, kazi yako nayo itoke kwa leseni ileile; ND, usibadilishe. Kozi ikiwa ya kulipia, picha yenye NC iache.

MOOC ni kozi ya wazi mtandaoni kwa umati mkubwa. Jina hilo lilizaliwa mwaka 2008. Shirika likisema linataka "MOOC" ya watu ishirini, linataka kozi tu.

Ridhaa ni nzito zaidi, hasa kwa kazi hii. Mkono wa bibi harusi ni wa mtu. Kuna familia hapa mjini ambazo simu hazifunguliwi kabisa usiku wa hina. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mwenye taarifa akubali akijua zitatumikaje, basi andika karatasi fupi, aisome, aweke sahihi. Fundi alirahisisha: video zote alijirekodi akipaka mkono wa binti yake, kwa idhini yake, uso usionekane.

Hatua ya 7: Usiahidi cheti usichoweza kukitoa

Cheti cha ushiriki kinasema ulikuwepo. Cheti cha umilisi kinasema ulipimwa ukaweza. Beji ya kidijitali ni picha iliyobeba taarifa ndani yake: nani ametoa, kwa kigezo gani, lini. Zote tatu zinaweza kutolewa na yeyote. Kilicho tofauti ni ithibati, yaani kutambuliwa na chombo chenye mamlaka. Nchini Kenya mitihani ya ufundi ya serikali, gredi ya III hadi ya I, ni ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, na programu za vyuo vikuu zinapitia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kama kozi yako haina ithibati, liandike hilo waziwazi kwenye ukurasa wa kujiandikisha, kabla ya sehemu ya kulipia.

Hatua ya 8: Jaribu na watu wachache

Utasikia ADDIE: kuchanganua, kusanifu, kutengeneza, kutekeleza, kutathmini. Ilitengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya jeshi la Marekani, na ukiangalia, tumeshaipitia karibu yote bila kuitaja. Sehemu inayorukwa ni kujaribu kabla ya kuachia. Watu watano wanatosha. Kaa karibu nao na usiwasaidie. Andika kila pahali waliposita. Wetu wote walisita kwenye kitufe cha kupakia picha, na hakuna aliyesita kwenye hina.

Jioni ya tatu fundi alilijibu shirika kwa ujumbe wa sauti, kwa maneno yake: "Salamu. Kozi ipo. Mwanafunzi ataweza mambo manne, nimewaandikia. Nitamjua ameweza kwa picha mbili, mbichi na ya saa 48, na rubriki mtaipata. Niambieni mfumo wenu unapokea SCORM ya toleo gani, picha za wanafunzi atazitazama nani, na beji hiyo mtaitoa kwa jina langu au lenu."

Walijibu kabla ya Isha. Toleo ni 1.2, mengine wanayajadili. Ila walikuwa na swali moja: kwa nini hiyo picha ya pili isipigwe siku ileile?

Alinipa simu nisome, akacheka mpaka akaiweka koni chini. "Haya," akasema, "na sisi tuwaandikie mwongozo."